Shahidi wa Pili wa Hashim Wingu

Hashim wa Kibuyuni alipewa jina la Wingu kabla hajaoa, na jina hilo limedumu kuliko nyumba alimozaliwa. Watoto wanaomwamkia leo "Shikamoo Mzee Wingu" hawajui lilikotoka. Mimi najua, kwa kuwa nilikuwapo msikitini jioni alipolipata. Nitaanza hapo, maana bila jina hilo habari ya nyota haina kichwa wala miguu.

Zamani mwezi ulitafutwa kwa macho. Mwisho wa Ramadhani watu walipanda mahali palipo wazi nyuma ya kijiji, wakatazama upande wa bara jua linakozama juu ya minazi. Aliyesema ameona hakupokewa hivi hivi. Alitengwa na wenzake akaulizwa: mwezi ulikuwa kulia au kushoto kwa pale jua lilipozama? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Kisha wa pili akaulizwa peke yake, na maneno ya wawili hao yakapimwa pamoja. Siku hizi mwezi hutoka kwenye simu. Kijana amelala kitandani anakwambia kesho ni Idd, na ukimwuliza nani ameuona, anakutazama kama umemwuliza nani ametia chumvi baharini.

Mwaka huo Hashim alikuja mbio, kijana mwembamba, kanzu ameishika mkononi. Alisema ameona. Kila mtu alitaka iwe kweli. Wanawake walikuwa wameshaumua unga wa mikate, na watoto walikuwa wameshalala na nguo mpya kifuani. Sheikh akamweka kando, akamwuliza habari ya pembe. Hashim akasema zilielekea chini, kwenye jua. Sasa, mwezi mchanga haulielekezei jua pembe zake, huligeuzia mgongo. Sheikh akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, umeona wingu."

Tukafunga siku nyengine. Hashim hakuwa amedanganya. Alitaka sana kuona, na jicho likampa alichokitaka. Lakini watu waliolala bila Idd hawana huruma. Tangu siku ile akisema lolote, hata kwamba samaki wamepanda bei, hujibiwa, "Na nani mwengine ameona?" Yeye hucheka pamoja nao. Ila mimi nimeishi naye mlango kwa mlango, na niliona kwamba katika ndoa za kijiji hakuitwa kuwa shahidi, na mpaka wa shamba ukigombaniwa, hakuna aliyekwenda kumwuliza mwembe wa zamani ulisimama wapi. Neno lake lilikuwa halina uzito, naye alijua.

Mengine yote ya maisha yake yalimkalia vizuri. Alikwenda Diani akajifunza ufundi wa mabomba, akatengeneza mifereji na matangi ya mahoteli mpaka nywele zikaota mvi. Ni mtu mfupi, mpana wa mabega, mikono imejaa makovu ya msumeno, na kicheko chake husikika kabla yeye hajafika. Mkewe Khamisa hulima mwani, na ulimi wake una chumvi kama mikono yake. Binti yao Muhsina ameolewa Vanga. Hashim alipoacha kazi alirudi Kibuyuni, na nilidhani atakaa kitako kama wazee wengine wa sasa, kutazama televisheni ya watu wengine wakicheza mpira wa watu wengine.

Akarudi na nyota kichwani.

Chanzo chake ni Rai, muuza miwani wa Ukunda, ambaye duka lake haliko mbali na Kona ya Musa. Hashim alipanda darini kwake kuziba tangi lililovuja, akakuta darubini imefunikwa shuka. Alipoteremka, tangi lilikuwa limepona na fundi alikuwa ameugua. Rai alimweleza kuhusu Shi'ra, nyota ing'aayo kuliko zote, ile ambayo kila aliyepita chuo cha Qur'ani amelisoma jina lake. Shi'ra, alisema Rai, haiko peke yake. Ubavuni mwake kuna nyota nyengine, iliyokwisha kuungua zamani, imebaki kaa jeupe, hafifu kiasi kwamba mng'aro wa mwenziwe huifuta. Huzungukana kwa miaka mingi. Miaka hii zimeachana vya kutosha mtu wa kawaida mwenye darubini ya kawaida aweze kuitafuta. Baadaye zitakaribiana tena, na watu wa umri wetu hawatakuwapo zikiachana.

Rai mwenyewe aliitafuta kwa miaka akashindwa. Taa za Diani na maduka ya Ukunda zimelifanya anga kuwa kama chai ya maziwa. Mimi ninakumbuka Ukunda mtu akitoka nje usiku huona nyota mpaka kwenye mizizi ya miti, lakini hilo sina wa kumwambia. Basi Rai akamtolea Hashim kioo cha darubini alichokuwa amekiweka kabatini, upana wake kama sahani ya wali. "Kwenu kuna giza, fundi," alimwambia. "Tengeneza, nami nitakuja kutazama kwako."

Hashim akatengeneza kwa vitu anavyovijua. Mwili wa darubini ni bomba nene la plastiki, lile la kupitishia maji chini ya barabara. Kitako ni mbao za kabati bovu, na panapozungukia ametia vipande vya kifuniko cha ndoo ili pateleze. Ukiiona utadhani ni kazi ya mfereji iliyosahauliwa uani. Khamisa aliiita mke mwenza tangu siku ya kwanza. Akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu, "Yuko kwa mwenzangu, leo si zamu yangu."

Wakati wa kaskazi, Hashim aliiona. Au alisema ameiona: kitone kidogo kando ya Shi'ra. Alimpigia Rai simu, na Rai akafunga duka akaja. Aliuliza swali moja tu. Darubini ya Hashim haina mota, kwa hiyo nyota haisimami. Huingia upande mmoja wa kioo, ikapita, ikatokea upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya mlango. Rai aliuliza: nyota kubwa inapopita, ile ndogo inatangulia au inafuata?

"Inatangulia," alisema Hashim.

Rai alikuna kidevu. Akaeleza, kwa adabu ya mtu anayemwambia mteja kwamba macho yamechoka, kwamba ndogo hufuata nyuma. Alichokiona Hashim ni mng'aro wa vioo tu, unaorudi na kudanganya.

Khamisa alikuwa jikoni akipika chai. Alichosikia ni kwamba mumewe amekosea, si amekosea wapi, naye akakipeleka kwenye mwani asubuhi yake. Kufika adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na wingu la pili. Mvulana wa duka alimwuliza Hashim kama atanunua sukari au ameiona tu.

Jioni hiyo Hashim alikuja kibarazani kwangu. Hakucheka.

"Kaka," aliniambia, "nimeharibikiwa mara mbili. Rai ameshanambia iko nyuma. Sasa hata nikiiona kesho, nitajuaje kama ninaiona au ninaikumbuka?"

Nimesoma vitabu vingi bila mwalimu, vingine havina majalada, na sijapata kukutana na swali la haki kuliko hilo. Mtu aliyekwisha kuambiwa pembe zinaelekea wapi hafai tena kuwa shahidi wa mwezi. Hashim alikuwa ameharibika kwa nyota ile. Na Rai vilevile, maana alijua jibu kabla ya kutazama. Na mimi nilikuwa nimeambiwa sasa hivi. Alitakiwa mtu asiyejua, mwenye jicho zima na subira, ambaye hatamwonea Hashim haya. Katika Kibuyuni nzima sote wawili tulimjua mtu wa namna hiyo, na sote wawili tulimwogopa.

Ilipoingia Ramadhani, mambo yakageuka kwa neno alilolisema Khamisa mwenyewe bila kujua. Alikuwa akimlalamikia mumewe kwamba amechukua tochi yake. Kisha akasema, hata hivyo tochi ina faida gani. Ukifika shambani alfajiri ukaimulika kamba, huoni mwani, unaona mng'aro wa maji. Ukiizima, ukangoja mbingu ipate weupe kidogo, unaona kila fundo. Hashim alisimama na kijiko mkononi. Shi'ra ilikuwa ikimpofusha kwa sababu alikuwa akiitazama gizani, inapowaka kama tochi. Angeitazama wakati wa magharibi, mbingu ikiwa bado na weupe wake, mng'aro ungepungua makali.

Na Ramadhani ya mwaka huu iliangukia wakati ambao Shi'ra hufika juu ya vichwa vyetu jua linapozama. Kwa hiyo wakati aliouhitaji ulikuwa ule mfupi baada ya kufungua, kati ya sala ya magharibi na giza.

Ndio wakati wa sinia. Kwetu mtu hafuturu peke yake. Kila nyumba hutoa sinia lake, wanaume hukaa pamoja nje, na aliyepika mihogo hula kaimati za jirani. Zamani masinia yalipangwa toka msikiti hadi kisimani. Mwaka huu yalikuwa machache, na mawili kati ya hayo yaliletwa na watu waliokula wakitazama simu. Hata hivyo pengo la mtu mmoja huonekana. Sinia la Hashim lilikuja, Hashim hakuja. Siku ya kwanza watu walidhani ni homa. Baadaye wakaanza kuuliza kama hafungi.

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa ameshasali, ameinama kwenye bomba lake, tende moja tumboni, na uji mezani umefanya utando. Khamisa alikaa mlangoni amekunja mikono.

Hashim alininong'oneza kwamba ameiona. Jana pia, na juzi. Ilikuwa nyuma. Alisema neno "nyuma" kwa huzuni, kama mtu aliyekuta mali yake ndani ya mfuko wa mwengine.

Nikageuka kwa Khamisa, nikamwomba atazame.

"Shemeji," alisema, "nimekaa na mwenza mwaka mzima, na sasa nikamwamkie?"

Nilimwambia mumewe anahitaji shahidi. Akasema kwa mwezi hutakiwa wanaume wawili waadilifu, na yeye si mwanamume, na mwadilifu inategemea nani anauliza. Nikamwambia kwa mwezi iko sheria, lakini kwa nyota hii sheria tutaiweka sisi. Alimtazama Hashim mgongoni, pale alipoinama, kwa muda mrefu kuliko alivyodhani ninamwona.

"Nitatazama," akasema. "Lakini chakula changu hakitapoa tena. Kama huyu haendi kwenye masinia, masinia yaje hapa. Na kabla sijaweka jicho, yeye awe ameshakula."

Kesho yake yalikuja. Sikutarajia. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema futari ni kwa Hashim, na watu waliokuja kwa ajili ya kucheka walikuja na sinia, kwa kuwa kwenda mkono mtupu bado ni aibu, hilo halijafa. Ua ulijaa mikeka. Palikuwa na mihogo ya nazi, viazi vya sukari, samaki wa kupaka, tambi, na mbaazi zilizobaki na moto wake. Rai alifika kutoka Ukunda na kapu la bajia, akakaa pembeni kwa heshima mpaka tulipofungua na kusali. Mtu mmoja alisema leo Wingu ana mashahidi kuliko bwana harusi. Nilihesabu masinia, nikaacha njiani, sikutaka kuyatia jicho.

Hashim alikula akiwa amesimama, tonge baada ya tonge, Khamisa akiyaangalia. Kisha akaielekeza darubini, akaipata Shi'ra, akarudi nyuma na mikono yake mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Tulikuwa tumekubaliana: yeye hatasema neno, na Rai hatasema neno.

Khamisa alifunga leso kiunoni, akainama.

"Naona taa ndani ya maji," alisema. "Inatetemeka. Inakwenda. Imetoka."

Hashim akasogeza bomba, nyota ikaingia tena. Khamisa akatazama.

"Ni hiyo moja tu. Sioni nyengine."

Uso wa Hashim niliuona vizuri, maana weupe ulikuwa bado uko. Alifungua kinywa. Neno moja lingetosha. Angemwambia tazama nyuma yake, naye angetazama, na labda angeona. Alifumba kinywa, akasogeza bomba. Mtu mmoja mkekani akaanza kikohozi cha kicheko, jirani yake akampiga goti.

Nyota ikapita tena. Khamisa hakuondoa jicho. Ikapita mara nyengine, naye akainua mkono kuwanyamazisha watoto waliokuwa wamekwisha kunyamaza. Mbingu ilikuwa ikififia rangi. Aliomba irudishwe. Kisha akajiinua, akashika kiuno.

"Haya, shemeji. Niulize."

Nilimchukua mpaka nyuma ya uchanja wa kuanikia mwani, Hashim asikoweza kusikia. Nilikuwa sijafanya kazi ile ya kuhoji mashahidi tangu wakubwa zangu wa msikitini walipokufa, na maneno yalikuja yenyewe.

"Umeona nini?"

"Ile kubwa, na kipunje."

"Kiko wapi?"

"Kando yake."

"Kando ni pengi, Bi Khamisa. Zikipita, kipunje kinatangulia au kinafuata?"

Alifumba macho kuiona tena. "Ile kubwa ilitoka kwanza. Ilipotoka tu, mwanga wake ukakatika, na kipunje kikabaki peke yake pale ukingoni, kama chenga ya chumvi. Kabla sijapepesa, nacho kikatoka. Kinaifuata."

Sheikh wetu alikuwa na desturi ya kumtikisa shahidi kabla ya kumwachia. Nikamtikisa. "Wako waliokiona mbele."

"Waliokiona mbele ndio nani? Mume wangu?" alisema. "Shemeji, mimi nafunga mbegu kwenye kamba na maji yanapita magotini. Kinachotangulia na kinachofuata nakijua hata nikiwa usingizini."

"Hashim hakukwambia kwamba kiko nyuma?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe kiko nyuma kweli?" Kisha akacheka. "Hata angeniambia nisingemwamini. Umesahau tunamwitaje?"

Tulirudi uani. Watu walikuwa wameacha kula. Kwa mwezi kuna neno moja husemwa, na neno hilo halijasemwa kwa sauti ya mtu katika kijiji chetu tangu vipaza sauti na simu zilipolichukua. Nikalisema.

"Imethibiti."

Hashim aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga ukelele wala hakumshika mtu mkono. Alichukua bakuli la uji lililokuwa karibu, lisilokuwa lake, akanywa mpaka chini. Khamisa alimwendea akamnyang'anya bakuli, akamwambia ni la watu, kisha akamletea lake, la moto.

Rai alitazama baada yake, akakaa kwenye darubini mpaka weupe ulipobaki kidogo. Alipoinuka alikuwa akifuta miwani yake kwa upindo wa shati, akifuta na kufuta. Alisema ameiona, ingawa yeye alijua itakuwa wapi, kwa hiyo tusimhesabu. Watu wengine walipanga mstari. Wachache waliona, wengi hawakuona, na jambo lililonipendeza ni kwamba wasioona walisema hawakuona. Nami nilitazama. Niliiona Shi'ra, kubwa, ikitetemeka kama taa ndani ya maji, na pembeni yake sikuona kitu. Macho yangu yamefikia hapo. Nikasema sikuona, nikarudi kwenye bajia.

Masinia yaliendelea kuja kwa Hashim mpaka mwisho wa mwezi. Sijui kama yatakuja mwakani. Vitu vya namna hii siku hizi huzaliwa na kufa katika Ramadhani moja. Lakini mikeka ilitandikwa, na walioleta simu waliziweka kioo chini ili weupe wao usiharibu macho, jambo ambalo mimi nililiomba kwa miaka bila kupata, na bomba la plastiki likalipata kwa usiku mmoja.

Jioni ya ishirini na tisa Hashim alinipitia, tukapanda nyuma ya kijiji kama zamani. Sikumwita mtu, lakini tulipofika juu tulikuta kikundi kimekuja, wanaume na wanawake wa mwani, na Khamisa amebeba chupa ya chai. Simu na ziseme zitakalosema. Jua lilizama juu ya minazi, na upande ule wa mbingu ulikuwa umezibwa, kijivu, mnene, kutoka mwisho hadi mwisho. Tulisimama mpaka ilipokuwa hakuna tena cha kungoja.

Mtu mmoja aliuliza, na alimwuliza Hashim, si mimi. "Mzee, umeona nini?"

Hashim alikaza macho mara ya mwisho, kwa uaminifu wote.

"Wingu," akasema.

Kicheko kilikuwa kimeshaanza kukusanyika. Sauti ya kijana ikatoka nyuma, kwa mazoea, "Na nani mwengine ameona?"

"Mimi," alisema Khamisa, akafungua chupa akaanza kumimina chai.